Uzi: Programu za mawasiliano za zama za modemu (XMODEM, Kermit, Fido) na laini zetu za simu

#1 MwanaUpanga

Salaam wakuu.

Juzi nilikuwa nasafisha stoo ya marehemu kaka yangu nikakuta boksi la disketi zile kubwa za inchi tano na robo. Zimeandikwa kwa mwandiko wake: BARUA 92, ORODHA YA NODI, KERMIT, TELIX. Niliacha kazi nikakaa chini. Mwaka 1992 yeye na mimi tulikuwa tunaangalia kompyuta ya shirika moja dogo pale Upanga, Dar es Salaam, na kazi yetu ya usiku ilikuwa moja: barua ziwe zimetoka na zimeingia kabla hakujapambazuka.

Naandika kwa sababu humu ndani nasoma mara nyingi kwamba kabla ya intaneti kompyuta za Afrika Mashariki zilikuwa za kuchapia tu. Si kweli, na inaniuma, maana baadhi ya niliowaona wakikesha nazo wameshatangulia mbele ya haki. Kompyuta zile zilikuwa zinazungumza. Zilizungumza kwa programu zilizoandikwa na watu ambao hawakuiamini laini ya simu hata kidogo, na kwa vile laini zetu zilikuwa na mikwaruzo kuliko za kwao, programu hizo zilitufaa sisi kuliko kitu kingine chochote cha wakati ule.

Nianzie Chicago, Januari 1978. Theluji ilianguka mji ukafungwa. Ward Christensen, mfanyakazi wa IBM aliyekuwa akichezea kompyuta nyumbani, akakubaliana na rafiki yake Randy Suess watengeneze mashine ya kupokea simu ili wanachama wa klabu yao ya kompyuta waache ujumbe na kusoma wa wenzao. Suess akaunda mashine, Christensen akaandika programu. Tarehe 16 Februari 1978 wakaizindua wakaiita CBBS, yaani ubao wa ujumbe wa kompyuta. Laini moja ya simu, mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukimaliza unakata, mwingine anapiga.

Lakini mimi kinachonishika zaidi ni alichoandika mwaka mmoja kabla, 1977: programu ya kuhamisha mafaili kwa simu, ambayo utaratibu wake baadaye ukaitwa XMODEM.

Fikiria hali yake. Modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ipite kwenye simu, inapitisha biti 300 kwa sekunde. Kila herufi inahitaji biti 10 ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo ni herufi 30 kwa sekunde. Disketi nzima ya kilobaiti 360 ingechukua zaidi ya saa tatu. Na ndani ya saa hizo tatu laini inakwaruza. Barua ikipoteza herufi moja utaielewa tu. Programu ikigeuka biti moja haifanyi kazi tena.

Christensen akaikata safari vipande vipande vya baiti 128, kipimo kile kile ambacho CP/M, mfumo wa kuendeshea kompyuta ndogo za wakati ule, ulitumia kuandika kwenye disketi. Kila kipande kinatanguliwa na alama ya kuanza, kisha namba ya kipande, kisha namba ile ile ikiwa imegeuzwa, yaani 255 ukitoa namba hiyo. Kelele ikiharibu namba yenyewe, hizo mbili hazitalingana na mpokeaji atajua. Halafu baiti zenyewe 128, na mwisho jumla ya baiti zote, ila inabakizwa sehemu inayoenea kwenye baiti moja. Mpokeaji anajumlisha upya. Zikilingana anajibu "nimepata". Zisipolingana anajibu "rudia". Mtumaji hasogei mpaka ajibiwe.

Ni hayo tu. Utaratibu huo uliandikwa ukatolewa bure, kila mtu akauchukua.

#2 kijana_wa_data

Shikamoo mzee. Nasoma kompyuta mwaka wa tatu na hili halijawahi kusimuliwa hivi darasani. Swali langu: kama jumla inabaki baiti moja, si makosa mawili yanaweza kufutana, moja likazidi na jingine likapungua?

#3 MwanaUpanga

Marahaba mwanangu. Umeona penyewe. Baiti ya 10 ikawa 11, jirani yake ya 20 ikawa 19, jumla ni 30 ile ile, na kipande kibovu kinapita. Hata baiti mbili zikipishana nafasi jumla haioni.

Ndiyo maana baadaye wakaweka hesabu ya CRC ya biti 16, ambayo inagawanya kipande kizima kama namba moja ndefu na kutuma baki. Hiyo inakamata kila kelele fupi isiyozidi biti 16 mfululizo, na kelele za laini ya simu ndivyo zinavyokuja: hazinyeshi moja moja, zinakuja kwa mkupuo, *krrk*, kisha kimya. Mpokeaji anayeijua CRC alianza kwa kutuma herufi C badala ya "rudia". Mtumaji asipoijua, wanarudi kwenye jumla ya zamani. Uungwana wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida: programu mpya haikumtupa mwenye ya zamani.

#4 Mama_Eldoret

Salamu kutoka Eldoret. Uzi mzuri sana, lakini Kermit naona umeiacha jina kwenye disketi tu, na mimi siwezi kukubali. Nilifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha chuo kimoja miaka ya mwisho ya 80, na XMODEM kwetu haikufua dafu. Kermit ndiyo iliyotubeba.

Sababu ni hii. XMODEM inataka baiti kamili za biti nane na inataka kila baiti ipite bila kuguswa. Kati ya kompyuta mbili ndogo, sawa. Lakini ukiunganisha kompyuta ndogo na ile kubwa ya chuo, ile kubwa ina tabia zake. Biti ya nane inaitumia kukagua makosa. Ikiona Control-S inadhani umesema "simama", inasimama kweli.

Kermit ilianzia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1981, kwa Frank da Cruz na Bill Catchings. Wanafunzi walikuwa wengi na nafasi kwenye kompyuta kubwa ilikuwa finyu, hivyo ikatafutwa njia ya kila mwanafunzi kuondoka na kazi zake kwenye disketi kupitia kompyuta ndogo za CP/M. Wakaamua kwamba kwenye waya zitapita herufi zinazochapika tu, ukiacha alama ya kuanza na ya kumaliza pakiti. Herufi ya amri inageuzwa kuwa herufi ya kawaida na kutanguliwa na alama ya #. Hata urefu wa pakiti unaandikwa kwa herufi inayochapika: unajumlisha 32. Na kwa kuwa herufi zinazochapika zinaishia 126, pakiti haikuzidi 94. Ukitazama pakiti ya Kermit kwenye skrini unaona maandishi, na mashine yoyote inayopitisha maandishi itaipitisha.

Ikaandikwa kwa kila aina ya kompyuta unayoweza kuitaja, kubwa na ndogo, kwa sababu maelezo yake yalikuwa wazi na ilitolewa bure. Jina ni la chura wa kwenye televisheni, na ruhusa waliomba wakapewa.

#5 Fundi_Sinza

Dada Eldoret heshima kwako, ila Kermit ilikuwa polepole. Nilihamisha faili moja kwa zote mbili, XMODEM ikamaliza mapema.

#6 Mama_Eldoret

Kaka, faili la aina gani, na kwenye waya gani? Likiwa programu na si maandishi, kila baiti ya ajabu inaongezewa alama, kwa hiyo linavimba. Na pakiti za herufi 94 zikiwa na kusubiri jibu kila moja, ndiyo, linachelewa. Baadaye Kermit ilipata pakiti ndefu na uwezo wa kutuma kadhaa kabla ya kujibiwa, lakini wengi walibaki na mipangilio ya mwanzo, ambayo iliwekwa kwa tahadhari makusudi. Mimi nilipendelea ichelewe ifike. Niliwahi kuona tasnifu ya mwanafunzi ikifika nusu kwa njia ya haraka, na disketi ya asili imekwisha futwa. Alilia mbele yangu. Tangu siku ile sikumruhusu mtu atumie njia nyingine pale chumbani.

#7 MwanaUpanga

Dada, nimekuelewa na nakubali, kwenye kompyuta kubwa Kermit haikuwa na mpinzani. Nami niongeze ya kwetu, maana adui yetu Upanga alikuwa mwingine: umbali.

Simu ya Ulaya ilipita kwenye setilaiti. Wakenya walikuwa na kituo cha Longonot tangu 1970, na setilaiti zenyewe ziko kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Sauti kupanda na kushuka ni karibu robo sekunde. Jibu kurudi, robo nyingine. Sasa chukua modemu ya biti 2,400. Kipande cha XMODEM, baiti 132 pamoja na vya kuanzia na kumalizia, kinapita kwa sekunde 0.55. Kisha unakaa kimya nusu sekunde ukingoja "nimepata". Yaani karibu nusu ya pesa ya simu inalipia ukimya! Kaka yangu aliipiga hesabu hiyo nyuma ya risiti, akamwonyesha mhasibu, na ndivyo tulivyoruhusiwa kubadilisha programu.

Tulihamia ZMODEM, iliyoandikwa na Chuck Forsberg mwaka 1986. Hiyo haisubiri. Inamimina faili mfululizo, mpokeaji ananyamaza, na akiona kosa ndipo anaposema: rudi mpaka baiti namba fulani, endelea hapo. Na simu ikikatika katikati, kesho haianzi mwanzo. Mpokeaji anatazama alichonacho na kumwambia mtumaji aanzie pale. Kwa mtu aliyeko mahali simu inapokatika mara tatu kwa usiku, hilo jambo ni kubwa mno. Kabla ya hapo tuliwahi kupokea mwanzo wa faili lile lile siku nne mfululizo.

#8 Mhandisi_Arusha

Wakuu, XMODEM haijafa. Mwaka juzi nilifuta kwa makosa programu ya ruta nikiwa mlimani kwenye mnara, hakuna mtandao, hakuna chochote isipokuwa kebo ya bluu ya konsoli. Ruta yenyewe inapowaka bila programu inajua njia moja ya kupokea nyingine kupitia konsoli: XMODEM. Faili la megabaiti 16, baiti 960 kwa sekunde. Karibu saa tano. Nilikaa na mlinzi wa mnara tukanywa chai mpaka jioni, nikitazama namba za vipande zikipanda. Sikujua kama mwandishi wake ni mtu wa 1977. Mungu amrehemu, nasoma kwamba Christensen alifariki Oktoba 2024.

#9 kijana_wa_data

Mzee, kompyuta yenyewe ilipigaje simu? Kulikuwa na mtu wa kuzungusha namba?

#10 MwanaUpanga

Mwanzoni ndiyo, ilikuwa kazi ya mkono. Ulikuwepo mkonga wa simu unaolazwa kwenye vikombe viwili vya mpira, unapiga mwenyewe, ukisikia mlio unaulaza haraka. Kilichobadilisha ni Smartmodem ya Hayes, mwaka 1981, kazi ya Dennis Hayes na Dale Heatherington. Waliamua amri zipite kwenye waya ule ule wa data, kwa maandishi ya kawaida yanayoanza na AT. Basi programu yoyote inayoweza kuandika herufi ikaweza kupiga simu.

Kwetu amri ilikuwa ATX3DP kisha namba. X3 maana yake usisubiri mlio wa kupigia, kwa sababu modemu ilitengenezwa kwa mlio wa Marekani na wa kwetu haikuutambua, ingekata kila mara. D ni piga. P ni piga kwa mapigo kama simu ya kuzungusha, maana mitambo ya zamani haikuelewa milio ya vitufe. Ukipitia simu ya ofisi unaweka 0 halafu mikato, kila mkato ni kusubiri sekunde mbili. Nilimkuta kijana mmoja ameshakata tamaa wiki mbili, anaambiwa modemu yake mbovu. Ilikuwa X3 tu.

Na swali jingine zuri: ukishaunganishwa, modemu itajuaje kwamba herufi unazotuma sasa ni amri na si data? Walitumia ukimya. Nyamaza sekunde moja, tuma +++, nyamaza sekunde nyingine. Faili linaweza kuwa na +++ ndani yake, lakini si rahisi liwe na ukimya pande zote mbili.

#11 Dada_SMS

Jamani AT! Mimi natengeneza mifumo ya kuwatumia wakulima ujumbe wa bei za mazao. Vifaa vya laini ya simu tunavyochomeka vinaendeshwa na AT mpaka leo: AT+CMGF=1 kuweka hali ya maandishi, AT+CMGS na namba kutuma. Vifaa vya kufuatilia pikipiki na magari vingi navyo ni hivyo hivyo ndani. Nimeziandika amri hizi miaka kumi bila kujua AT imetoka wapi. Asante mzee.

#12 MwanaUpanga

Asante dada. Sasa nifike kwenye Fido, maana ndiyo roho ya boksi lile.

Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco aliandika programu ya ubao wa ujumbe akaiita Fido. Yeye na John Madill wa Baltimore, upande wa pili wa Marekani, wakataka mashine zao zibadilishane barua zenyewe usiku, wakati simu ya mbali ni nafuu. Wakawa nodi, yaani kituo cha mtandao, ya 1 na nodi ya 2. Katikati ya miaka ya 1990 zilizidi 30,000 duniani.

Mtandao huo ulivyofanya kazi: kila nodi ina anwani ya kanda, mtandao na nodi. Afrika ilikuwa kanda ya 5. Kila wiki inatoka orodha ya nodi zote na namba zao za simu. Unaandika barua mchana, kompyuta inaiweka. Usiku inazifunga barua zote kuwa kifurushi kimoja, inakibana kwa ARC au ZIP, inapiga simu, inakabidhi, inapokea, inakata. Hakuna mtu anayelipia simu huku akifikiria sentensi inayofuata. Barua inakaa inasubiri njia, kama mzigo unaosubiri basi stendi.

Kwa ofisi yetu, kwenye Fido upande wa Ulaya ndio uliotupigia, kwa sababu simu ya kutoka kule ilikuwa rahisi kuliko ya kwetu. Kazi yetu ilikuwa modemu iwe imewashwa, laini iwe hai, na umeme uwepo. Saa nane usiku inalia mara moja, inajibu. Kaka alikuwa analala kwenye mkeka chini ya meza, na mlio wa modemu ndio uliomwamsha.

Hatukuwa peke yetu. Nairobi kulikuwa na nodi ya ELCI, kituo cha mashirika ya mazingira, iliyobadilishana barua na mtandao wa GreenNet wa London, na hapo London barua zikavuka kuingia intaneti. Ndiyo maana mtu wa Nairobi asiye na intaneti alikuwa na anwani ya barua pepe ya dunia, yenye f, n na z5 zikifuatwa na fidonet.org. Mradi wa ESANET uliofadhiliwa na IDRC, shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Kusini, Chuo cha Rhodes kilipitisha barua zake kwa Fido mpaka nyumbani kwa mhandisi wa mitandao Randy Bush huko Portland, Oregon, Marekani, kabla Afrika Kusini haijapata kiungo kamili cha intaneti Novemba 1991.

Watu hawa walitumia kompyuta ndogo ya kawaida, modemu moja na laini moja. Hiyo ndiyo Afrika iliyokuwa "nje ya mtandao".

#13 Ssebo_Kampala

Nodi ya Makerere iliitwa MUKLA. Mjomba wangu alikuwa mhadhiri, alikuwa anapeleka barua zake pale kwenye disketi anarudi kesho kuchukua majibu. Alipata makala kutoka Ulaya kwa siku mbili badala ya miezi miwili ya posta.

#14 Nesi_mstaafu

Niwakumbushe HealthNet, mtandao wa barua za watu wa afya wa shirika la SatelLife. Waliposhindwa na simu walitumia setilaiti ndogo, UoSAT-3, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Surrey na kurushwa Januari 1990. Hiyo haikukaa mahali pamoja; ilizunguka chini, kilomita kama 800, ikipita juu yetu mara chache kwa siku na kila mara kwa dakika chache tu. Kompyuta ya kituo ilirusha barua kwa redio wakati ikipita, nayo ikazibeba ikazishusha upande mwingine wa dunia. Pale Muhimbili tulikuwa tunasoma muhtasari wa majarida ya tiba kwa njia hiyo. Wakati maktaba nyingi zilikuwa zimeacha kulipia majarida, karatasi zile zilizochapwa kwa printa ya sindano zilipita mikono mpaka zikachanika.

#15 Fundi_Sinza

Mkuu MwanaUpanga, hizo disketi usizitupe. Una mpango gani?

#16 MwanaUpanga

Nimepata kompyuta moja ya zamani, 286, kwa rafiki Kariakoo, ina kiendeshi cha inchi tano na robo na tundu la siriali. Nimetengeneza kebo mwenyewe, waya wa kutuma wa upande huu nimeupeleka kwenye wa kupokea wa upande ule. Kule kwenye 286 nimeweka Kermit ya DOS kutoka kwenye disketi ya kaka, na kwenye laptopu ya mwanangu C-Kermit, ambayo sasa ni huria. Kasi 9600. Nilisahau kuandika `set file type binary` mara ya kwanza, vifurushi vya ZIP vikafika vimeharibika, nimerudia.

Orodha ya nodi imefika nzima. Nimetafuta jina la nodi yetu nikalikuta, na jina la kaka pembeni yake. Disketi ya BARUA 92 ina sehemu haisomeki. Nimeiweka kando, kesho nasafisha vichwa vya kiendeshi kwa spiriti kisha nijaribu tena, kwanza ninakili diski yote kabla sijagusa kifurushi chochote.